Hamsini za Nepi

Zamani zile ukifika Nkoma msimu wa pamba ukamtaja Luhaga Masele, mtu angekuuliza kwanza: "Yule wa mizani?" Ndiye huyo. Misimu saba alipima pamba ya chama cha msingi, na katika misimu hiyo yote hakuna aliyemwona akigusa mshale kwa kidole. Kabla hajatundika gunia lako alikuita usogee. "Njoo uone mshale ulipo kabla ya mzigo," alisema, "usije ukalala na mashaka." Na kama ndani mlikuwa na mchanga, au pamba imenyunyiziwa maji ili iwe nzito, hakukutukana. Alilishusha gunia, akaliweka pembeni, akamwita anayefuata. Watu walisema afadhali angetukana.

Lakini habari hii si ya Luhaga. Ni ya mkewe, Kwandu, na ya majuma aliyokaa peke yake katika hospitali ya misheni pale Bariadi, mwaka tisini na sita, akimtazama mtoto wake kupitia kioo.

Mwaka huo ununuzi wa pamba ulikuwa umeshaachiwa huria. Kampuni zimeingia, kila moja na kituo chake na mizani yake, na ile mizani ya chama imefungiwa ghalani na popo. Luhaga akachukuliwa na tajiri mmoja wa Mwanza ampimie mpaka msimu uishe. Masharti yalikuwa mafupi: siku usipoonekana, kazi ina mwenyewe mwingine. Kwandu alikuwa na miaka ishirini na mbili na mimba ya kwanza, ya miezi saba. Uchungu ulimkuta shambani, mfuko wa kuvunia ukiwa bado kiunoni. Akadhani tumbo tu, labda kiporo cha asubuhi. Akaendelea kuvuna mpaka mwisho wa tuta. Alipofika mwisho wa tuta hakuweza kugeuka.

Walimpeleka barabarani kwa mkokoteni wa ng'ombe, na barabarani likapatikana lori la pamba linalokwenda Bariadi. Akalazwa juu ya magunia, Luhaga akimshika mabega asiteleze. Jioni ile ile akajifungua mtoto wa kike. Mtoto hakulia kama wanavyolia watoto. Alitoa kisauti chembamba, mara moja, akanyamaza. Kabla Kwandu hajainua kichwa, Sista Stephania alikuwa ameshamviringisha kwenye taulo na yuko mlangoni naye.

"Sista, ni mzima?"

"Ni njiti," Sista akajibu bila kugeuka. "Tutaona."

Sista Stephania hakuwa mtawa. Alikuwa nesi, mama wa makamo, mnene, mwenye viatu vya mpira ambavyo vilimfanya asisikike akija. Yeye ndiye aliyekuwa mwangalizi wa chumba cha joto, na chumba chenyewe kilikuwa kidogo kuliko jiko la Kwandu. Ndani mlikuwa na masanduku mawili ya mbao yenye vifuniko vya kioo, kazi ya seremala wa misheni, na chini ya kila sanduku balbu nne zikiwaka mchana na usiku. Mtoto alilala juu ya wavu, joto likipanda kutoka chini, na mpira mwembamba kama uzi umeingizwa puani kupitisha maziwa. Mwenye ruhusa ya kuingiza mikono humo ni Sista peke yake. Mama alisimama nje, penye kidirisha cha mlango.

Kwenye sanduku kilibandikwa kipande cha plasta kilichoandikwa kwa kalamu: MTOTO WA KWANDU, KE, 1380. Hizo ni gramu. Jina hakuwa nalo. Kwa kina Luhaga jina la mtoto hutolewa na bibi mzaa baba, siku mama anapotoka naye nje kwa mara ya kwanza, juani. Kwa hiyo Kwandu alisimama pale mlangoni na hakuwa na neno la kumwitia.

Luhaga alikaa siku nne, alizopewa na tajiri kwa shida. Mama mkwe naye alikuja, akapika uji, akachungulia kidirishani, akarudi nyuma amejishika mdomo. "Mayu," alimwambia Kwandu, akitumia neno la heshima la kwao kwa mwanamke, "huyu bado wa Mungu. Tumwachie." Siku ya tano wote wawili wakapanda lori la kurudi Nkoma, mama kwenye ng'ombe na mzee wake mgonjwa, mwana kwenye mizani ya tajiri.

"Nitakuja Jumapili," Luhaga akasema.

"Njoo."

Jumapili ikapita, na nyingine ikapita. Kilichokuja ni salamu za madereva wa malori, wanapiga honi getini, wanauliza: "Mke wa mpimaji yupo? Anakusalimia. Anasema msimu umekaba. Hujambo?" Naye alijibu walivyomzoea, "Mhola duhu," amani tupu, kwa kuwa utamwambia nini tena dereva ambaye hajazima injini?

Siku zake zilikuwa hivi. Kila baada ya saa tatu alikamua maziwa kwenye kikombe cha bati. Mwanzoni yalikuwa matone, akayakusanya kama mtu anayefyonza umande. Alifunika kikombe kwa sahani, akakipeleka mlangoni, Sista akakipokea, mlango ukafungwa. Kisha akasimama kidirishani kuangalia maziwa yake yakishuka kwenye mpira, mpaka yaishe. Kisha akarudi kitandani kusubiri saa tatu nyingine. Alipikia kwenye banda la ndugu wa wagonjwa, nyuma ya wodi, ambako kila jiko lilikuwa na mama mtu, dada mtu, shangazi wa mtu, na yeye ndiye mgonjwa na ndiye ndugu wa mgonjwa. Siku hizo kila aliyelazwa alitakiwa aje na vyake. Alipoambiwa akanunue pamba ya hospitali, alikwenda dukani mjini akarudi na kibunda cheupe kilichofungwa karatasi ya buluu, kimesafiri kutoka nchi za mbali. Akakitazama sana. Nyumbani kwake pamba imejaa mpaka chini ya kitanda.

Aliyekuwa akimsemesha ni mmoja tu, mama wa kitanda cha jirani, mchuuzi wa samaki kutoka Lamadi aitwaye Jenipha. Mtoto wake ndiye aliyekuwa kwenye sanduku la pili. Jenipha alikuwa na sauti ya kuitia mitumbwi.

"Wewe mama Nkoma," alisema, "unanyamaza hivyo maziwa yatashukaje? Ongea! Maziwa yanafuata mdomo."

"Niongee nini?"

"Mtukane hata mumeo. Mimi wangu namtukana asubuhi na jioni, ona," na akamwonyesha kikombe kilichojaa.

Kwandu akacheka, na kweli siku hiyo kikombe chake kikapanda kidogo. Hakumtukana Luhaga lakini. Alijaribu, akakuta hana tusi linalomfaa.

Sasa, siku za kupima zilikuwa Jumatatu na Alhamisi, asubuhi. Mama alileta nepi safi, Sista akamvisha mtoto, akamtoa haraka kwa sababu ya baridi, akamlaza kwenye sahani ya mizani iliyokuwa juu ya meza, nje ya mlango. Kipupwe cha Bariadi mnakijua, mwezi wa saba upepo unatoka mbugani unapenya hata ukuta wa tofali. Ndiyo maana hakumvua nepi. Alisoma mshale, akasema kwa sauti, "Toa hamsini za nepi," akaandika kinachobaki. Kwandu alisimama pembeni akitazama mshale kabla ya mzigo. Mshale ulikaa kwenye sifuri bila kutetereka. Mizani ile ilikuwa ya haki.

Na sheria ya chumba kila mama aliijua kwa moyo. Mtoto akifika elfu moja mia tano anatoka kwenye sanduku, analala na mama yake. Akifika elfu moja mia nane anakwenda kwao.

Mtoto wa Kwandu alianza kwa kushuka. Elfu moja mia tatu na thelathini. Elfu moja mia mbili na tisini. Kwandu alisikia hesabu hiyo mlangoni na kitu ndani yake kikakaa chini. Jumatatu moja Sista akamweleza kwamba watoto wote hushuka kwanza. Kisha mtoto akapanda, taratibu, mpaka juma la nne akafika elfu moja mia nne na thelathini. Hapo akasimama. Alhamisi, thelathini. Jumatatu, thelathini. Alhamisi, arobaini.

Jumatatu iliyofuata wa Jenipha akafika elfu moja mia nane na ishirini. Jenipha akafunga virago akiimba.

"Na wa kwako?" akauliza.

"Arobaini ile ile."

"Aa, mwenzangu! Si nyinyi watu wa pamba ndio mnaotia mchanga kwenye magunia? Tia na huyo, mtoke!" Akacheka mpaka mtoto mgongoni akashtuka. Halafu akaona uso wa Kwandu, akapunguza sauti. "Natania, dada yangu. Atapanda. Haya, chukua hii sindano na uzi, mimi kwangu ninazo. Ushonee chochote, mikono isikae bure."

Akaondoka. Kitanda chake kikatandikwa shuka jipya na hakikupata mtu. Kwandu alikaa siku mbili bila kutamka maneno zaidi ya "Shikamoo Sista" na "Maziwa haya." Jumatano mchana alisimama kidirishani baada ya maziwa kwisha, mtoto akafumbua jicho moja akatazama upande wa mlango. Labda alitazama mwanga. Kwandu akainua mkono akapunga, kama unavyompungia mtu aliye kwenye lori. Jicho likafumba. Mwezi mzima na siku kadhaa alikuwa mama, na hakuwa amemgusa mtoto wake hata kwa ncha ya kidole.

Akarudi kitandani, akatoa nepi zake. Zilikuwa sita, zimechanwa kutoka shuka la marekani la mama mkwe, zito, la zamani. Akachukua mbili akazilaza moja juu ya nyingine, pembe kwa pembe. Akatia uzi kwenye sindano ya Jenipha. Alishona pembeni kwa mishono midogo midogo, akakunja upindo ndani ili kisionekane kitu, akashona tena. Ukiishika ungesema ni nepi moja ya kitambaa kizuri. Hakujiambia anafanya nini. Alijiambia anashona ili mikono isikae bure.

Alhamisi asubuhi akaipeleka mlangoni.

Sista alikuwa na haraka. Usiku ule amezaliwa njiti mwingine, binti wa mama wa Kiloleli, kilo moja na kidogo, tayari yuko kwenye lile sanduku aliloacha wa Jenipha. Na wodi ya wazazi kuna mwingine wanamhofia. Akamvisha mtoto, akamtoa, akamlaza kwenye sahani. Mshale ukapanda, ukatikisika, ukatulia.

"Elfu moja mia tano na hamsini," Sista akasema. "Toa hamsini za nepi." Akamgeukia Kwandu na kwa mara ya kwanza akatabasamu na meno. "Mama Kwandu! Ametimiza! Panua kifua."

Ndugu zangu, asije mtu akasema Kwandu hakufurahi. Alipoletewa mtoto, mpira wa puani umetolewa, kafungwa kwenye blanketi la kijani la hospitali, alikaa kitandani akampakata. Kichwa cha mtoto kilijaa kiganjani. Nywele zake zilikuwa laini kuliko pamba ya kwanza. Alimhesabu vidole. Alimnusa. Alimlisha maziwa kwa kijiko, tone kwa tone, kama Sista alivyomwonyesha, na mtoto akameza. Alimfunulia titi akalambalamba tu, akachoka. Mchana wote Kwandu hakutoka kitandani, hata kupika hakupika, na kama dereva yeyote alipiga honi getini hakumsikia. Nepi aliibadilisha mwenyewe, ile ya mishono akaikunja, akaiweka chini ya mto.

Jioni akaona mtoto hataki kijiko. Akajiambia ameshiba.

Asubuhi ya Ijumaa upepo ulikuwa mkali. Kwandu alimvua soksi aliyomfumia mama mkwe, akashika wayo. Ulikuwa baridi, si baridi ya kitu kilichoachwa nje, bali ile ya jiwe la chini ya mtungi. Akamfunika kanga yake, na blanketi lake, na akajikunja juu yake. Akashika tena wayo. Midomo ya mtoto ilikuwa imebadilika rangi. Alimtikisa kidogo akafumbua macho nusu, akayaacha hivyo hivyo, kama mlango ambao mtu amesahau kuufunga. Akamwekea tone la maziwa mdomoni. Likatoka pembeni.

Kutoka kitandani kwake mpaka mlango wa chumba cha joto ni hatua ishirini, alizihesabu mara nyingi. Angeweza kusema tu, "Sista, mtoto ana baridi." Sista angemwongezea blanketi na chupa ya maji moto, kama anavyofanya kwa wote waliotimiza uzito, na kumwambia avumilie, watoto wote hushtuka siku ya kwanza. Sanduku lake lilikuwa limeshapata mwingine tangu jana alasiri. Hakuna anayemrudisha mtoto wa mia tano akamtoa wa kilo moja. Ili arudi ndani ilibidi mtu aseme kwamba hajawahi kuwa wa mia tano. Na mtu huyo alikuwa mmoja tu duniani.

Alisimama na mtoto mkononi, na ile nepi aliyoitoa chini ya mto.

"Shikamoo Sista."

"Marahaba. Kuna nini?"

"Naomba umpime tena."

"Jumatatu, mama."

"Mpime sasa. Mpime uchi." Akaweka nepi juu ya meza. "Halafu na hii uipime peke yake."

Sista akamtazama, akaitazama nepi, akaishika, akapitisha kidole kwenye upindo. Alimfunua mtoto, akagusa kifua chake kwa nyuma ya mkono, na uso wake ukabadilika. Akamlaza kwenye sahani kwa muda wa kupepesa macho mara mbili. Elfu moja mia nne na ishirini. Akamtoa. Akaitupa nepi kwenye sahani. Mia moja na kumi.

"Nani kakufundisha hivi?"

"Hakuna."

"Ulitaka kumuua?"

"Nilitaka kumshika."

Sista alifungua mlango kwa goti, amemkumbatia mtoto kifuani, ndani ya gauni lake la kazi. "Kaa hapo kwenye benchi," akasema. "Usiondoke hapo." Akafungua sanduku la karibu, akamsogeza yule mtoto mwingine, akaviringisha taulo likawa ukuta katikati, akamlaza wa Kwandu upande wa pili. Wawili kwenye sanduku la mmoja. Akarudisha mpira puani, akachanganya maji ya sukari kwenye kikombe. Kisha akakisogeza kitambaa cha kidirisha, kitu ambacho hakuwahi kukifanya tangu Kwandu amjue, na kioo kikawa cheupe.

Kwandu akakaa. Ilikuwa saa mbili asubuhi. Wafagiaji wakapita, wakafagia mpaka kwenye miguu yake, akainua miguu, wakapita. Maziwa yalianza kumchuruzika yenyewe, yakalowesha gauni mbele, akayaacha. Hakuwa na mtu wa kumwambia, na hata angekuwepo angemwambia nini? Upweke wa siku zote alikuwa ameuzoea, ule wa mtu asiyetembelewa. Huu ulikuwa mwingine. Huu aliushona kwa mkono wake.

Saa sita ikapita. Saa saba hivi akasikia baiskeli ikiegemezwa ukutani na sauti anayoijua ikisalimia mlinzi. "Mwadila." Luhaga akaingia na vumbi mpaka kwenye nyusi, kibegi begani, na kuku amefungwa miguu. Alikuwa ametoka Nkoma alfajiri. Alimwona mkewe kwenye benchi, akaliona gauni lilivyolowa, akaona kitambaa kwenye kioo. Kuku akamponyoka mkononi akaanguka chini akapiga kelele.

"Amekufa?"

"Sijui."

Akakaa kando yake. Kwandu akamweleza, yote, bila kumtazama, akitazama mlango. Alianza na mia nne na arobaini, akaja kwa sindano, akaja kwa mishono. Sauti yake haikupanda wala kushuka. Alipofika penye "toa hamsini za nepi" Luhaga alifumba macho, na Kwandu alijua ameona mshale.

Kuku ndiye aliyekuwa akiongea.

"Nimewatoa watu kwenye foleni," Luhaga akasema mwishowe, "kwa mchanga wa kilo mbili. Watu wazima. Wengine wajomba zangu."

"Najua."

"Ipo wapi?"

Sista alikuwa ameiacha juu ya meza ya mizani. Kwandu akainuka akaileta. Alidhani ataiweka pembeni, kama anavyofanya na magunia, na kumwita mwingine. Luhaga akaigeuzageuza, akatafuta upindo kwa kucha. Akatoa kisu chake kidogo cha mfukoni na kuanza kufumua, mshono mmoja mmoja, polepole, kitambaa kisichanike. Ilimchukua muda mrefu. Mishono ilikuwa mingi.

"Umeshona vizuri," akasema.

Kwandu akalia. Ndipo alipolia, mara ya kwanza tangu shambani.

"Dereva alikuwa akiniambia uko salama. Mhola duhu. Kila nikimuuliza, mhola duhu." Akavuta uzi mrefu. "Nami nikaona afadhali, yuko na wanawake wenzake, ana wa kuongea nao."

"Aliondoka Jumatatu."

"Nani?"

"Niliyekuwa naongea naye."

Uzi wa mwisho ukatoka. Nepi zikawa mbili tena, Luhaga akazilaza juu ya goti lake, akazikunja kila moja peke yake, akampa. Hakusema amemsamehe. Kwao watu hawasemi hivyo. Alimfuta maziwa kwenye gauni kwa kona ya shati lake, akamwambia, "Saa ya kukamua imepita, nenda ukamue. Mimi nitakaa hapa."

Saa kumi kitambaa cha kidirisha kikasogezwa. Sista Stephania akafungua mlango nusu. Alimwona mwanamume kwenye benchi, akamsalimia, kisha akamwambia Kwandu, "Mguu umepata joto. Maji ya sukari yamekaa tumboni. Nipe maziwa." Akapokea kikombe. Kabla hajafunga akaongeza, bila ukali na bila upole, "Kuanzia Jumatatu nepi zitapimwa kwanza. Za wote. Na wewe utakuwa unazipima, uje mapema."

Luhaga alilala usiku mmoja kwenye banda la ndugu wa wagonjwa. Asubuhi alisimama kidirishani muda mrefu, mikono nyuma, akitazama vichwa viwili vidogo na ukuta wa taulo katikati. Kazi kwa tajiri alijua huenda imeshapata mwenyewe, ilibidi akaone. Alimwachia Kwandu kuku, chumvi, na shuka moja. "Nitakuja Jumapili," alisema, na baada ya kufikiri akasema, "Nitakuja nikiweza. Dereva akikuuliza, mwambie ukweli."

"Nitamwambia."

Na dereva aliyefuata alipopiga honi, Kwandu alitoka getini, akamwambia azime injini kwanza.

Yalipita majuma mawili na siku tatu. Kila Jumatatu na Alhamisi asubuhi alikuwa pale mezani kabla ya jua kupata nguvu, akipima nepi za wenzake, moja moja, akiandika kwenye kipande cha boksi: arobaini na nane, hamsini na tano, hamsini. Wamama wapya walimwona mkali. Mmoja akanong'ona, "Huyu ndiye nani?" Aliendelea kuandika. Mtoto wake akafika elfu moja mia nne na hamsini. Sitini na tano. Themanini.

Alhamisi moja mshale ukasimama, Sista akatoa nepi, akasoma, akamwita asome mwenyewe. Elfu moja mia tano na kumi. Hapakuwa na mtu wa kushangilia. Jenipha alikuwa Lamadi kwenye samaki wake, Luhaga Nkoma, na wodini mlikuwa na wageni watupu ambao hawakujua kwamba hii ni mara ya pili. Sista Stephania alimlaza mtoto mikononi mwake, akaenda zake na viatu visivyosikika.

Kwandu akamfungua kifuani, ngozi kwa ngozi, akajifunika naye kwa kanga mpaka shingoni. Alikuwa mwepesi. Mwepesi kuliko siku ile, ingawa mizani ilisema kinyume. Akashika wayo, ukawa na joto, akaushikilia hivyo hivyo kwenye ngumi. Mtoto akafumbua jicho moja, halafu na la pili, akamtazama kwa karibu, bila kioo. Jina bado hakuwa nalo, bibi yake alikuwa mbali, na jua la kutolewa nje lilibaki gramu mia mbili na tisini mbele.

"Wewe," Kwandu akamwambia. "Ndiyo. Wewe."